Nyumba moja, Viswahili vinne

Nilikuwa juu ya ngazi nikipima mwimo wa mlango, tepu ikaniponyoka ikaanguka chini. Chini palikuwa na kijana mwashi kutoka Tanga, ndiyo kwanza siku yake ya pili kazini. Nikamwita: "Ndoo!" Akatazama kulia na kushoto, akaenda, akarudi na ndoo. Nikatikisa kichwa. "Ndoo! Ndoo hapa!" Akaenda tena. Aliporudi, ndoo ilikuwa imejaa maji hadi ukingoni, ameibeba kwa mikono miwili, na uso wake ukisema wazi kwamba mzee huyu hajui anachokitaka.

Kwa Kiamu, Kiswahili cha kwetu Lamu, ndoo ni njoo. Ndoo ya maji nayo ni ndoo vilevile, lakini sisi hatuchanganyikiwi, kwa sababu hakuna anayesimama juu ya ngazi akaililia ndoo kama mtoto wake. Kwangu mimi ndivyo ilivyokuwa. Kwa kijana wa Tanga, mtu aliye juu ya ngazi kwenye nyumba inayojengwa akipiga kelele "ndoo", anataka ndoo. Tukiamua kwa haki, yeye ndiye aliyekuwa na akili.

Hiyo ilikuwa mwaka 2016, mtaa wa Mkomani, Lamu, kwenye nyumba ya kale ya mawe iliyokuwa ikitengenezwa. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, kwa hiyo nyumba kama ile huwezi kuibomoa ovyo ukaweka matofali na mabati. Sharti ukuta urudi kuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti, na mlango wa kuchongwa. Mlango ndiyo kazi yangu. Mimi ni mtu wa Langoni, baba yangu alikuwa fundi wa milango, na mkono wangu umelizoea patasi kuliko kalamu, kwa hiyo mnisamehe nikipinda hapa na pale.

Msimamizi wa kazi alikuwa kijana wa Nairobi, mpole, mwenye kompyuta. Waashi walitoka Tanga. Vibarua wawili, mtu na nduguye, walikuwa Wagiriama wa vijiji vya nyuma ya Malindi. Sisi wa Amu tulikuwa watatu pamoja na mpwa wangu niliyekuwa nikimfundisha kazi. Na mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mtu mzima sana ambaye sote tulimwita Mwana. Miezi saba tulikaa pale, na lugha yetu sote ilikuwa Kiswahili. Hapakuwa na mkalimani. Ningalimtaka.

Baada ya kisa cha ndoo, wakati wa chai, nilimweleza mwashi jinsi mambo yalivyo. Unguja wanaposema ch, sisi mara nyingi husema t: macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele, nchi ni nti. Wanaposema j, sisi husema y: maji ni mayi, moja ni moya, jana ni yana. Ikitanguliwa na n, inageuka d: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Akacheka, akasema kumbe ni hesabu tu. Nikamwambia nilipokuwa mdogo hesabu hiyo ilinipa fimbo nyingi, maana nikiandika "mato" mwalimu alikuwa akikata kwa wino mwekundu. Kiswahili cha vitabuni ni cha Unguja. Kilichaguliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Wazee wa huku hawajamaliza kulalamika. Huku ndiko yalikotungwa mashairi ambayo watu wanayasomea shahada, halafu mjukuu wa mtunzi anachapwa kwa kusema kama babu yake.

Basi nikadhani nimemaliza. Nilidhani shida yote ni ya matamshi, na kwamba mtu akishaijua ile hesabu yangu ya t na y, amefika.

Siku chache baadaye msimamizi alikuwa akitoka tekani, kile kibaraza cha ndani ya mlango wa nje, akasahau kuinama. Vizingiti vya nyumba za kale haviwahurumii watu warefu. Alijigonga kishindo, kofia ikaruka, na vijana wote wakaangua kicheko. Mwana akatokeza kichwa dirishani kwa hasira. "Mwateka nini? Msimteke mgeni!"

Kicheko kikakoma. Nilimwona msimamizi amesimama kimya na mkono kipajini, nikadhani ni maumivu.

Jioni ile aliniuliza bei ya boti ya kwenda Mokowe. Kesho yake akaniuliza tena, na kama huko kuna nyumba za kulala wageni. Siku ya tatu nikamkalisha dakani, kwenye kibaraza cha nje ya mlango, nikamwuliza kulikoni, mbona anataka kulala ng'ambo ilhali chumba amelipiwa hapa mjini? Akanong'ona: "Fundi, yule mama aliwaambia wasiniteke. Kwa hivyo kuna mpango."

Kuteka kwetu ni kucheka. Masikio ya Amu yana t mbili, moja ulimi unagusa meno na nyingine unarudi nyuma kidogo, na mtu wa huku hawezi kuzichanganya. Lakini msimamizi alikuwa na t moja tu, na kuteka aliyoijua yeye ni ile ya magazetini. Tena hakuwa na woga wa bure. Mwaka 2011 wageni walitekwa kweli, mmoja Kiwayu na mwingine Manda, na mama yake huko Nairobi alikuwa akimpigia simu kila usiku kumkumbusha. Nilipomweleza, alishika mbavu. Tangu siku hiyo, akikosea kitu, alikuwa akisema mwenyewe: "Haya, niteke basi."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba maneno mageni hayakuwa na taabu yoyote. Wale ndugu wawili wa Malindi ndio walionithibitishia. Jumatatu moja mkubwa hakuja kazini. Mdogo akaeleza kwamba jana yake kaka amezidiwa na tembo. Msimamizi akaruka: amelazwa hospitali gani? Alikuwa anajua msitu wa Arabuko-Sokoke una ndovu, na hilo ni kweli. Akaanza kuuliza kuhusu bima na fidia, na mdogo mtu akawa anajibu kwa heshima, ameduwaa, hajui ni lini mwajiri alianza kulipa fidia kwa pombe ya mnazi. Tembo huku pwani ni ile inayogemwa mnazini. Mnyama ni ndovu. Dakika tano nzima walizungumza, kila mmoja na tembo wake. Halafu, katika kujieleza, yule kijana akasema kwao Kigiriama wanaiita uchi. Tukapiga kelele wote kwa pamoja: "Uchi?" Akatufafanulia mara moja, tukaelewa, kazi ikaendelea.

Uchi halikuingia akilini, kwa hiyo tuliuliza. Tembo liliingia vizuri kabisa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Nikaanza kuhesabu moyoni. Mwana akiagiza mawe yawekwe kiwandani, msimamizi alikuwa akitafuta ni kiwanda gani Lamu, na huku kwetu kiwanda ni ule ua wa katikati ya nyumba. Msaidizi wake, kijana wa Nairobi pia, alinijia siku moja akanung'unika, "Fundi, nisaidie na mbao," nikampa kipande kizuri cha mkorosho. Akakishika, akakitazama, akasema asante. Alikuwa anataka shilingi ishirini. Mwashi naye alimwomba mjakazi wa Mwana leso afute jasho, akaletewa leso nzima ya maua mekundu yenye maandishi, maana leso ya Tanga ni kitambaa cha mfukoni na leso ya huku ndiyo kanga. Akajifuta nayo uso kwa adabu, na sisi tukateka. Kwa maana yetu.

Na chai! Tuliambiwa wakaguzi watapita Jumatano. Mwana akasema: "Wakiya, wapeni chai." Nikamwona msimamizi anafungua pochi kwa siri, anahesabu noti, anaziweka kwenye bahasha. Huko bara chai ni hongo. Wakaguzi walipofika wakakuta birika, mahamri na mbaazi, wakala, wakashukuru, wakaenda zao, na bahasha ikarudi mfukoni pamoja na aibu yake. Nilipomsimulia mwashi, akasema, "Hiyo chai, mzee." Nikamjibu ndiyo, ilikuwa chai na mahamri. Siku nyingine kabisa ndipo nilipopata kujua kwamba kwa vijana wa Tanzania chai ni uongo uliopambwa, na kwamba alikuwa akiniambia nimetunga.

Hayo ni ya kuchekesha. Sasa nieleze yaliyonigharimu.

Mlango wa mbele ulinichukua wiki tisa. Ni mbambakofi, mti mgumu unaozikataa patasi na unaomkataa mchwa pia, na siku hizi kuupata si rahisi. Niliuchonga mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, kwa ua lile alilonifundisha baba, nikautia mlango mahali pake, ukafunga kama kitabu. Msimamizi alikuja asubuhi, akausukuma, akauvuta, akapitisha kidole ukingoni. Kidole chenyewe kilikuwa na plasta, alikuwa amejikata siku ya nyuma. Akaniambia: "Fundi, hii mlango imenibamba. Imenibamba mbaya!"

Nikaona uso wake una tabasamu. Nikasema moyoni, huyu kijana ana malezi, mlango umembana kidole bado anatabasamu kunistahi.

Alipoondoka nikauteremsha upande wa kulia. Nikaupiga randa. Mbambakofi hainyoleki kwa upole, kwa hiyo nilitoa nyama ya kutosha ili usimbambe mtu tena, karibu nusu inchi toka juu hadi chini. Nikapiga msasa, nikaurudisha. Ulikuwa unapita kama upepo.

Kesho yake akausukuma, akasita. Akainama akachungulia, akaona njia ya nje kupitia ule mwanya, na punda wa jirani akapita mbele ya jicho lake.

"Fundi, umeifanya nini?"

"Nimeupunguza."

"Na si nilikuambia imenibamba?"

"Ndiyo maana nimeupunguza."

Tukatazamana. Mwashi, aliyekuwa akisikiliza, akaingia kati akasema kwamba kwao kubambwa ni kukamatwa na polisi, na yeye alikuwa ameshangaa tangu jana mlango unamkamataje mtu. Ni yule msaidizi wa mbao aliyetutatulia: kubamba, kwao Nairobi, ni kufurahisha. Mlango ulimpendeza. Ulimpendeza mbaya, yaani mno.

Sikuzungumza na mtu hadi adhuhuri. Si kwa hasira kwake, bali kwa sababu nilikuwa na nafasi kumi za kuuliza, "Umekubamba wapi?" Neno moja tu. Lakini fundi wa miaka thelathini anamwulizaje mtoto maana ya kubamba? Nalijua. Nimelijua tangu kuzaliwa.

Nikakata ukanda mwembamba wa mbambakofi nikaubandika pale ukingoni. Haukushika sawasawa. Mti ule hausahau.

La pili halikuwa la mlango. Alhamisi moja niliwatangazia wenzangu kwamba kesho tutafunga mapema, maana mpwa wangu ana ngoma. Kulikuwa na arusi huko Langoni, na yeye ni hodari wa kirumbizi, ule mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma na zumari. Wa Amu wakafurahi. Mwashi akanyamaza, akamtazama kijana kwa muda, akarudi kwenye chokaa yake.

Toka hapo nikaona mambo. Mwashi akaja na kikombe chake mwenyewe cha kahawa. Alikuwa akiazimana vifaa na mpwa wangu kila saa, akaacha. Siku kijana alipojikata dole gumba, mwashi aliruka nyuma kama aliyeona nyoka, kisha akaona haya, akaenda kumletea kitambaa akamrushia kwa mbali. Na bado, jambo ambalo sikulielewa kabisa, kila asubuhi alikuwa akimletea machungwa. Mawili, matatu. "Kula, mdogo wangu. Kula vizuri." Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na tisa na anainua boriti peke yake. Aliyala machungwa bila swali.

Yalipita majuma mawili hivi. Jioni moja mwashi akanifuata ufukweni, akaketi kando yangu, akaanza mbali kama watu wazima wanavyoanza. Halafu akasema: "Mzee wangu, yule kijana anatumia dawa? Siku hizi mtu anaishi miaka mingi tu akizingatia."

"Dawa ya nini?"

"Si ulitwambia ana ngoma."

Tanzania, kwa miaka mingi, watu hawakuutaja UKIMWI kwa jina lake. Walisema amekanyaga miwaya. Walisema ana ngoma. Aliniambia dada yake mkubwa alikuwa na ngoma, miaka ya tisini, yeye akiwa mtoto, na nyumbani neno hilo lilisemwa kwa sauti ya chini ili watoto wasielewe, na watoto walielewa. Wakati ule dawa hazikuwapo kwa watu kama wao. Machungwa ndiyo aliyokuwa akitumwa kumnunulia.

Nilikuwa tayari kucheka, nikakimeza kicheko. Nikamweleza kuhusu arusi na fimbo na zumari. Alinyamaza, akajifunika uso kwa mikono, na mabega yakatikisika, na hadi leo sijui alikuwa akicheka au akilia. Wiki iliyofuata kikombe chake kilirudi kwenye sinia pamoja na vingine. Machungwa aliendelea kuyaleta.

Mtu huyohuyo ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Tulikuwa tukingojea boriti kutoka kaskazini, na mashua zinazopita mfereji wa Mkanda hazina budi kungoja maji yajae. Niliahidi Jumanne, zikafika Alhamisi, maji hayana saa ya mkononi. Jumatano mwashi akanijia: "Mzee, acha Uswahili. Boriti ziko wapi?"

Kwanza nilidhani sikusikia. Mimi ni Mswahili. Sina kabila lingine la kuweka kwenye fomu. Mswahili ni mama yangu, ni nyumba hii tunayoitengeneza, ni Mwana aliyekaa juu na tenzi zake kichwani. Na huyu, anayesema Kiswahili toka tumboni, ananiambia niuache kama mtu anavyoambiwa aache wizi.

Nikashuka ngazi, nikaenda msikitini, nikala peke yangu. Vijana wakaanza kuongea kwa kunong'ona.

Alikuja usiku na birika la kahawa. Akaeleza kwamba kwao Uswahili ni maneno mengi, ujanja wa mtaani, ahadi za kesho njoo kesho kutwa, na kwamba uswahilini ni mitaa ya watu wa chini waliobanana. "Hata sisi ni Waswahili, mzee. Twajitukana wenyewe." Nikamwambia nimeelewa. Sikumwambia nimependa, na sijapenda. Neno limetoka kwangu likaenda huko, likavaa nguo chafu, likarudi kunigongea mlango, nami niseme karibu? Nikanywa kahawa lakini. Kahawa haina kosa.

Nadhani ndiyo sababu siku alipojisahau akaniita "mwanangu", kama wanavyoitana vijana wa rika moja huko Dar, sikukasirika. Ila Mwana alisikia. Kwetu Mwana ni cheo cha mwanamke wa heshima, kama Mwana Kupona aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858. Mwana wetu akamtazama kijana, akanitazama mimi na ndevu zangu nyeupe, akauliza kwa upole: "Umemzaa lini?"

Nyumba ilikwisha mwezi wa saba. Msimamizi sasa yuko kazi nyingine huko bara, hunitumia ujumbe sikukuu zikija. Wa mwisho ulisema: "Fundi, picha za mlango zimebamba watu huku." Nikamjibu: "Zimewabamba vipi?" Akajibu kwa vicheko vingi, nikaona nimejitahidi.

Ule ukanda niliobandika umeanza kuachia upande wa juu. Kusi ikivuma usiku, upepo hupita pale mwanyani na mlango hupiga mluzi, nyumba nzima ikasikia. Nimemwambia Mwana mara mbili niende kuurekebisha. Hataki. Anasema muwate, yaani mwache, yule ni wa Nairobi anaomba kuingia, na yeye amezoea kumjibu kutoka kitandani: "Ndoo!"